Nyati watatu wa Denver

Mezani palikuwa na ndururu tatu za Kimarekani, yaani senti tano, zenye nyati upande mmoja. Zote za mwaka 1926, zote zina kijiherufi D chini ya maandishi ya thamani, maana yake zilifuliwa katika kiwanda cha sarafu cha Denver. Mbili zilikuwa ndani ya visanduku vya plastiki ngumu vilivyofungwa na kampuni ya kupima ubora wa sarafu: moja imeandikwa 65, ya pili 63, namba za ubora katika kipimo kinachoishia 70. Ya tatu haikuwa na kisanduku. Ilibanwa tu kwenye kadi yenye kidirisha cha nailoni, na pembeni muuzaji alikuwa ameandika kwa penseli kwamba imetumika kidogo. Ile ya 65 bei yake ilizidi mara tatu ya ile ya 63. Ya kadi ilikuwa rahisi kuliko zote.

Mjomba akachukua ya 63. Mimi nikachukua ya kadi, nikijiona mjanja. Ile ya 65 ilikaa mpaka karibu na adhuhuri, akaja bwana mmoja akaisoma namba, akaitupia jicho sarafu yenyewe, akalipa, akaenda zake. Kisa chenyewe ni hicho, hakina mwizi wala bunduki. Lakini nimekirudia kichwani mara nyingi kuliko mnada wowote wa mamilioni niliosoma habari zake, kwa sababu humo ndani mna karibu kila kitu kinachomfanya mtu mzima mwenye akili zake atafute senti tano za zamani, tena azitake ziwe kama siku zilipotoka kiwandani.

Kwanza Mjomba. Si mjomba wangu wa damu. Ni mtu wa Tanga aliyekwisha kustaafu, na Waswahili wa rika langu hapa Minneapolis wote tunamwita hivyo. Miaka mingi alisimama kiwandani mbele ya mashine ya kukandamiza bati: bati linaingia, chuma cha juu kinashuka, kifuniko kinatoka. Kazi hiyo ilimwachia maumivu ya bega, na ilimwachia jicho la kutofautisha chapa iliyokaa na chapa iliyopwaya. Sarafu alianza nazo kwa kuchambua chenji ya kantini, akiweka kando senti tano za miaka ya 1940 zenye uso wa Rais Jefferson. Neno ndururu pia nimelipata kwake. Alipokuwa mtoto ndururu ilikuwa na tundu katikati, unazitunga kwenye uzi kama shanga. Hizi za huku hazina tundu, lakini senti tano ni senti tano, na mpaka leo hujamsikia akisema nikeli.

Hana kosa. Sarafu hii huitwa nikeli, lakini nikeli iliyomo ni asilimia 25 tu. Asilimia 75 ni shaba. Uzito gramu 5, upana milimita 21.2. Nikeli kidogo hiyo inatosha kuifunika shaba yote isionekane rangi, na inatosha kuufanya mchanganyiko kuwa mgumu kuliko fedha au dhahabu. Ugumu huo ukumbuke, ndio kiini cha kisa hiki.

Mchoro ni wa James Earle Fraser, mchongaji aliyezaliwa mwaka 1876 mjini Winona, Minnesota hii hii, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka tunapokaa. Upande mmoja kuna uso wa mzee wa wenyeji wa asili wa Marekani, nywele zimesukwa na kufungwa utepe, manyoya mawili kisogoni. Fraser alieleza kwamba uso huo si wa mtu mmoja. Aliuchanganya kutoka kwa watu kadhaa, wakiwemo Iron Tail wa Walakota na Two Moons wa Wacheyenne. Upande wa pili yuko nyati. Wataalamu wa wanyama watakwambia siye nyati hasa, ni jamaa yake, lakini Wamarekani wenyewe walikosea jina karne nyingi zilizopita na sisi tukalirithi kosa pamoja na sarafu. Ilianza kutoka mwaka 1913, ikaisha 1938.

Fraser alichonga kama mchongaji wa sanamu. Alitaka vina na miinuko, alitaka nyati ajae ile sahani mpaka kwato ziguse ukingo. Kiwanda ndicho kilichobaki na tabu. Sarafu hufuliwa kwa kuweka kisahani kitupu katikati ya mihuri miwili ya chuma, kisha mihuri inagongana na madini yanakimbilia kwenye mashimo ya mchoro. Sasa tazama hii: mahali palipoinuka sana upande wa uso, pale juu ya fundo la msuko wa nywele, pamepakana mgongo kwa mgongo na bega la nyati. Madini yale yale, kwa pigo moja, yanatakiwa yajaze shimo la juu na shimo la chini. Yakiwa laini yatajaza. Yakiwa magumu kama haya, na pigo likilegea hata kidogo, hayafiki.

Na pigo lililegezwa. Mjomba alinieleza jambo hili kwa viganja vyake viwili, akiviweka mbali kidogo kimoja na kingine.

"Mwanangu, fundi akitaka muhuri wake udumu, anaitenganisha mihuri miwili. Unene wa unywele tu. Chapa inatoka hafifu, lakini muhuri haupasuki, na bosi anafurahi kwa sababu muhuri ni ghali na bati si ghali."

Denver na San Francisco katika miaka ya 1920 ndivyo walivyofanya, tena wakaitumia mihuri hiyo mpaka ikachoka, kingo za herufi zikapanuka na kuonekana kama zinayeyuka kuelekea ukingoni. Kati ya ndururu zote za nyati, ya Denver ya mwaka 1926 inatajwa na wakusanyaji kama mfano wa chapa mbovu. Nyingi zilitoka na nyati ambaye kichwa chake ni donge laini, pembe imepotelea kwenye nywele, na msuko wa yule mzee hauna nyuzi hata moja. Zilitoka hivyo zikiwa mpya. Mtu aliyezipokea benki asubuhi ile alipokea sarafu inayong'aa, isiyo na mkwaruzo, yenye nyati asiye na sura.

Hapo ndipo namba zinapoleta fujo. Kipimo kinachotumika ni cha kuanzia 1 hadi 70. Alikitoa William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za zamani, na baadaye kikaenea kwa sarafu zote. (Huyo Sheldon, baada ya kufa, ilikuja kubainika kwamba alikuwa akiwabadilishia watu sarafu zao, anaacha mbovu anaondoka na nzuri. Jua kwamba kipimo cha uaminifu wa sarafu tumepewa na mwizi.) Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambazo hazikuingia sokoni kabisa. Kampuni kubwa mbili, PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987, hutazama sarafu, huipa namba, huifungia kwenye plastiki. Namba hiyo huangalia mambo mengi kwa pamoja: makovu ya kugongana na wenzake ndani ya gunia, mng'ao, mvuto wa jumla, na chapa. Lakini kwa chapa wapimaji wana huruma. Wanajua ya Denver ya 1926 kwa kawaida hutoka bapa, basi hawaiadhibu kama wangeiadhibu ya mwaka mwingine. Ndiyo maana nyati asiye na kichwa anaweza kupata 65.

Kwa ndururu za Jefferson, zilizochukua nafasi ya nyati mwaka 1938, mambo ni wazi zaidi. Nyuma yake kuna Monticello, nyumba ya Jefferson mwenyewe, yenye ngazi, na ngazi zikihesabika tano au sita, kampuni huandika hivyo kwenye kisanduku. Mnunuzi anajua chapa imekaa kabla hajafungua macho. Nyati hana alama kama hiyo. Hakuna anayekuandikia kwamba pembe ipo, nywele za kipaji zipo, mkia umetengana na mwili. Lazima utazame mwenyewe, na wengi hawatazami.

Mjomba hutazama. Ana taa ndogo ya mezani, ya balbu ya zamani inayochoma moto, anaitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na waya wa kuunganishia na kuja nayo kwenye maonyesho ya sarafu. Anamwomba muuzaji mahali pa kuchomeka. Wengine hucheka, wengine wamemzoea. Balbu za kisasa na zile za dari la hoteli, anasema, zinamwaga mwanga kila mahali na sarafu inaonekana kama sahani ya supu. Anataka mwanga mmoja kutoka upande mmoja.

Akaishika ile ya 65 chini ya taa na kuizungusha taratibu. Lazima nikiri, ilikuwa nzuri. Mng'ao ulizunguka uwanja mzima kama tindi za baiskeli, mistari ya mwanga ikifuatana bila kukatika mahali. Rangi yake kijivu cha samli iliyoganda, na ukingoni mkanda mwembamba wa dhahabu na waridi uliokuja kwa miaka. Hakuna kovu. Ukiangalia mbali na katikati, hiyo ni sarafu kamili.

"Mjomba, hii vipi?"

"Huyu nyati hana kichwa."

Nikainama na lenzi. Kweli. Mahali pa nywele za kipaji palikuwa na uvimbe laini. Pembe ilianza ikapotea. Bega lilikuwa bapa na juu yake vilionekana vijikwaruzo vidogo vidogo, vya kisahani kile kabla hakijapigwa, ambavyo madini yangefika vingefutika. Sikuwa nimeviona mpaka aliposema, na nilipoviona sikuweza tena kuona kitu kingine.

Akaishika ya 63. Hiyo ilikuwa na makovu. Moja kubwa kiasi lilikaa kwenye shavu la mzee, jingine kwenye paja la nyati, na mng'ao wake ulikuwa mtulivu, kama wa hariri iliyofuliwa mara nyingi. Lakini pembe ilitoka nzima mpaka nchani. Nywele za kipaji zilijikunja moja moja. Kwenye msuko uliweza kuhesabu mikunjo na kuona utepe unapopita. Kwa Denver ya 1926 hiyo si kawaida. Labda muhuri ulikuwa mpya siku hiyo, labda fundi wa zamu aliubana. Mjomba akakaa nayo muda mrefu, mpaka muuzaji akaondoka kwenda kunywa maji na kurudi.

"Huyu amepigana," akasema. "Lakini ni nyati."

Akalipa pesa taslimu.

Sasa mtu atauliza: kwa nini asisubiri? Ingewezekana siku moja apate 64 yenye chapa kama hiyo na makovu machache. Nilimuuliza. Akanijibu kwamba amesubiri miaka sita na hii ndiyo ya kwanza aliyoikuta ana kwa ana. Hilo lina ukweli, na ili ulielewe lazima nieleze jambo linalowachanganya wageni wengi wa mchezo huu, kwamba wingi wa sarafu zilizofuliwa haukwambii wingi wa zilizobaki nzuri.

Denver mwaka 1926 ilifua ndururu 5,638,000. San Francisco mwaka 1931 ilifua 1,200,000 tu, kama moja ya tano yake. Ukisoma hivyo utadhani ya 1931 ndiyo ya kutafuta kwa tochi. Sivyo. Kufikia miaka ile watu walikwisha kuanza kuhodhi sarafu chache kwa kutarajia faida, na mafungu mazima ya ile ya San Francisco yaliwekwa kando yakiwa mapya. Leo ikiwa mpya inapatikana bila kuhangaika sana. Mwaka 1926 hakuna aliyeweka ndururu. Senti tano ilikuwa pesa ya kazi: nauli ya treni ya chini ya ardhi New York ilikuwa senti tano tangu 1904 hadi 1948. Mbao za kadi zenye matundu ya kupachikia sarafu, zilizowafanya watu wa kawaida kuwa wakusanyaji, zilienea katika miaka ya 1930, na wakati huo ndururu za 1926 zilikwisha kupita mikononi mwa watu karibu miaka kumi. Na mchoro wa Fraser una ugonjwa mwingine: tarehe imekaa juu ya bega la yule mzee, mahali palipoinuka, kwa hiyo hulika mapema. Mamilioni ya nyati wamebaki bila mwaka.

Kwa hiyo ukitaka ya 1926 ya Denver, kwanza itafute iliyo mpya kati ya zilizolika. Kisha kati ya hizo mpya itafute iliyopigwa vizuri. Unachuja mara mbili, na mchujo wa pili ni mkali kuliko wa kwanza. Raha ya madaraja ya juu ndiyo hiyo. Yule asiyejali daraja, 1926 ya Denver anaipata Jumamosi moja na kazi imekwisha. Anayejali ana kazi ya miaka sita, na ndani ya miaka hiyo amejifunza mihuri, madini, nauli za New York na tabia za mafundi waliokufa zamani.

Anayeanza leo simshauri aanze na Denver ya 1926. Aende mwisho wa safari ya nyati, 1938, mwaka ambao Denver peke yake ndiyo iliyowafua, 7,020,000. Hizo watu walizihifadhi kwa mafungu, na nyingi zimepigwa vizuri. Kwa sehemu ndogo ya bei aliyolipa Mjomba utapata 66 yenye pembe, nywele, mkia na mng'ao wote. Iweke chini ya taa jioni moja ujue nyati kamili anafananaje. Bila hiyo huwezi kujua nini kimepotea kwa wengine.

Narudi kwa ndururu yangu ya kadi.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Muuzaji ameandika imetumika kidogo kwa sababu msuko ni bapa. Lakini mimi, mwanafunzi wa Mjomba, najua msuko wa Denver 1926 hutoka bapa kiwandani. Nikatoa lenzi, nikaona kwenye ule ubapa vile vijikwaruzo vya kisahani kitupu. Vikwaruzo hivyo ni ushahidi: sehemu iliyosagwa na vidole vya watu huwa laini, hailindi vijikwaruzo vya tangu kiwandani. Basi ubapa ni wa pigo, si wa kulika. Basi sarafu haijatumika. Basi nimenunua 63 au 64 kwa bei ya iliyotumika, muuzaji hajui alichonacho. Nilitumia mwanga wa simu, kwa sababu taa ya Mjomba ilikuwa na kazi upande wa pili wa meza na niliona aibu kuiomba mbele ya muuzaji.

Nikaipeleka ipimwe. Baada ya wiki kadhaa ikarudi ndani ya plastiki imeandikwa 58. Imetumika kidogo.

Mjomba akaisoma, akanirudishia.

"Hongera. Umenunua kilichoandikwa kwenye kadi."

Kisha akawasha taa yake, akanionyesha. Alinionyesha msuko kwanza na kukubali kwamba hapo nilikuwa sahihi: chapa haikufika. Halafu akahamisha mwanga kwenye mfupa wa shavu la mzee na kwenye nyonga ya nyati. Mng'ao ulikuja ukizunguka, ukafika pale, ukakatika. Palikuwa na doa la kijivu kilichofifia, kubwa kama kichwa cha pini, upande wa pili kubwa kidogo zaidi. Hapo ndipo vidole vilipopita. Sarafu ilitoka kiwandani na chapa mbovu, kisha ikatoka nje ikanunua vitu siku chache. Ina kasoro mbili, na mimi nilipoipata ya kwanza nilifurahi nikaacha kutafuta ya pili. Nilikuwa nimethibitisha kwamba msuko haukulika. Sikuwa nimeuliza kama shavu limelika.

Sikupata hasara ya kulilia, gharama ya kupimwa tu. Tena 58 ina heshima yake. Ni sarafu ambayo mara nyingi hupendeza kuliko 60 au 61, kwa sababu hizo za 60 hazikutumika ni kweli, ila zimechubuana ndani ya magunia mpaka zinatia huruma, na hii ya 58 imekosa tu ule mng'ao wa sehemu mbili tatu. Naipenda. Ila siwezi kuipa jina ambalo si lake.

Na yule bwana wa 65? Wenzetu wengi nikiwasimulia kisa hiki wanamcheka, na mimi sikubaliani nao. Kwanza kuna wanaoorodhesha mikusanyiko yao kwa kushindana, na huko pointi hutoka kwenye namba, si kwenye pembe. Kama yeye ni mmoja wao, alinunua alichokihitaji. Pili, siku akitaka kuuza, 65 itanunuliwa na mtu ambaye hajaiona, kwa simu, kwa kusomewa tu. Ya Mjomba itahitaji mtu aje na taa. Tatu, na hili Mjomba halipendi, mng'ao nao ni kitu cha kweli. Sarafu ile ilipozunguka chini ya balbu, moyo wangu uliruka kabla ya akili kuuliza habari za kichwa. Kuna watu ambao raha yao iko hapo, kwenye uso wa madini ambao haujaguswa kwa karibu miaka mia, na nyati kwao ni pambo. Sioni nini cha kuwafundisha.

Kwa Mjomba nina neno moja pia. Anasema namba ni upuuzi wa wafanyabiashara. Si upuuzi. Lile kovu la shavuni kwenye 63 yake lipo, na kila akiizungusha mbele yangu mwanga unalishika kabla ya kushika pembe. Nilimwambia. Akasema haoni kovu lolote. Amekaa na vyuma maisha yake yote, analiona vizuri sana, ila amekwisha kuamua. Nadhani pia, ingawa hajawahi kusema, kwamba anapoiona chapa ile iliyokaa anamwona fundi fulani wa zamu ya Denver aliyekataa kulegeza mashine, na kwamba hiyo ndiyo sarafu anayoilipia.

Kuhusu utunzaji sitasema mengi, ila hili lazima: usiisugue. Wala kwa kitambaa, wala kwa dawa ya meno, wala kwa limau na majivu kama tulivyofunzwa kwa sufuria. Mng'ao ni mistari midogo sana iliyoachwa na madini yalipokuwa yakikimbia chini ya pigo, ukiipangusa imekwenda na hakuna fundi wa kuirudisha. Na ile mifuko laini ya plastiki yenye harufu ya viatu vipya iepuke. Hutoa ute wa kijani unaotafuna uso wa sarafu. Mjomba alipoteza hivyo ndururu kumi na moja za Jefferson zamani, na bado anazo kwenye kopo, hataki kuzitupa.

Juzi nilipita kwake baada ya Isha. Alikuwa amewasha taa, mjukuu wake wa darasa la pili amekaa ubavuni. Visanduku vyake vimepangwa kwa mwaka ndani ya boksi refu, kama kadi za maktaba. Mtoto akamuuliza ile yenye pembe ingenunua nini zamani. Akamwambia nauli ya treni New York, kutoka mwanzo wa reli mpaka mwisho, popote utakaposhukia. Mtoto akataka kujua kwa nini, kama ni hivyo, hawakuipanda hiyo treni.

Baada ya Denver ya 1926 kwenye boksi kunafuata nafasi ya San Francisco ya mwaka huo huo. Zilifuliwa 970,000, chache kuliko mwaka wowote wa kawaida wa nyati, na ikiwa mpya bei yake haisemeki nyumbani kwa mstaafu. Mjomba hakuiacha nafasi hiyo wazi. Ameweka kadi, na ndani ya kadi kuna senti moja ya zamani ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati. Ukiinyanyua kwenye mwanga, balbu inaonekana upande wa pili.